Katriji Iliyonuka Ubani

"Mtaichana," alisema Daktari Kordian Wyrwa. "Nawaambia mtaichana, na ikishachanika hakuna fundi katika Poland nzima atakayeirudisha."

"Daktari," alisema Inspekta Bogna Stelmach, "wewe kila siku unang'oa meno ya watu."

"Meno yanaoza, Bi Inspekta. Lebo hii haijaoza."

Sajini Makary Kuc alikuwa ameegemea mlango, kwa sababu viti vyote vya klabu vilikuwa vimekaliwa na televisheni za kizamani. Alikohoa ili kuficha kicheko. Bogna hakucheka. Aliiweka katriji juu ya meza, bado ikiwa ndani ya mfuko wa ushahidi, akausogeza mfuko hadi chini ya taa.

Kilikuwa kitu kidogo cha plastiki nyeusi, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Ungeichomeka kwenye kompyuta ya nyumbani aina ya Kometa, zile zilizouzwa wakati watoto wa Łódź bado wanapanga foleni za machungwa, na mchezo ungetokea kwenye televisheni. Juu ya lebo mtu alikuwa amechora kwa rangi ya maji mnara mweupe, na chini ya mnara akaandika: Mnara wa Chumvi. Mchezo huo haukuwahi kuuzwa. Karakana iliyoutengeneza ilifungwa kabla ya kutoa katriji ya pili, na hii moja ikabaki mikononi mwa aliyekuwa mkuu wa karakana, Zenobiusz Karwat. Mzee huyo, Zenek kwa wenzake, aliianzisha klabu hii ndani ya kiwanda cha nyuzi kilichokufa, akaiweka katriji kwenye kabati la kioo, na kila Jumamosi aliitoa, akaichomeka, wenzake wakaangalia, akairudisha.

Sasa Karwat alikuwa kaburini. Mfagiaji alimkuta asubuhi moja chini ya ngazi ya chuma ya nje, kichwa kimepasuka, kioo cha kabati kimevunjwa, katriji haipo. Jioni hiyo hiyo polisi waliikuta kwenye begi la rafiki yake wa miaka mingi, Ireneusz Pawlica. Kila mtu alijua Karwat alikuwa karibu kuiuza kwa mnunuzi wa ng'ambo kwa bei ya kununulia nyumba. Kila mtu alijua pia kwamba Pawlica alimpigia kelele mbele ya watu asiiuze. Mwendesha mashtaka hakuhitaji zaidi. Jumatatu faili lingepelekwa mahakamani.

Bogna alikuwa amebakiwa na kitu kimoja tu, nacho hakikufanana na ushahidi. Pawlica alisema Karwat alimpa katriji mwenyewe, mchana, mkono kwa mkono. "Akaniambia, Irek, hebu inuse. Nikainusa. Akasema, inanuka ubani. Kaifungue kwako, uniambie kuna nini ndani."

Mwendesha mashtaka alicheka mpaka akavua miwani. Bogna hakucheka, wala hakuamini. Aliomba tu ruhusa ya kuifungua.

"Nani atakayeifungua?" aliuliza sasa.

"Mimi," alisema Ludwika Szadek.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, nywele fupi za kijivu, koti la kazi lililofuliwa hadi likapoteza rangi. Kati ya wanachama wanne wa klabu, yeye ndiye aliyeshika pasi ya kulehemu kama wengine wanavyoshika kalamu. Tangu kesi ianze ndiye aliyemfundisha Bogna kila alichojua kuhusu vitu hivi, kwa upole, bila kumfanya ajione mjinga.

"Ila sioni haja," aliongeza. "Jana tumeichomeka mbele yako. Imecheza. Ikicheza, ndiyo yenyewe."

"Ndiyo, ndiyo!" Daktari alidakia. "Imecheza! Kwa nini tuichune ngozi?"

"Kwa sababu mtu mmoja amesema inanuka," alijibu Bogna.

"Irek?" Daktari alinyanyua mikono. "Irek hawezi kunusa kitu, pua yake ilikufa na sigara. Bi Inspekta, mimi simchukii. Lakini alipiga kelele hapa hapa. Alisema, Zenek, ukiiuza utanizika. Basi aliyezikwa ni nani?"

Bogna alimtazama. Tangu mwanzo huyu daktari wa meno alikuwa amemsumbua akilini. Alikuwa na fedha, alikuwa na uchu, na alikuwa ametaka kuinunua katriji kabla ya mnunuzi wa ng'ambo. Na sasa alikuwa anatoka jasho kwa hofu ya kifuniko kufunguliwa.

"Wewe siku ile usiku ulikuwa wapi, Daktari?"

"Nimeshasema. Kwa mama mkwe. Waulize, walikuwepo shangazi zake wote. Adhabu ya kutosha."

"Tumewauliza," Makary alisema kutoka mlangoni. "Wanasema ulilala mezani."

Huko nje, kwenye benchi la korido, Mama Otylia Pawlica alikuwa amekaa tangu mchana akiwa na koti lake limefungwa hadi kidevuni. Mapajani alishika chupa ya supu chachu ya ngano, imefungwa kwa taulo. Alikuwa ameipeleka mahabusu ikarudishwa, kwa kuwa vyombo vya kioo haviruhusiwi. Mumewe alikuwa na ugonjwa wa kutetemeka mikono. Kule ndani dawa zilimfikia zikiwa zimechelewa, na siku mbili zilizopita alishindwa hata kushika kijiko. Mama Otylia hakuomba kuingia. Alisema tu, "Nitasubiri hapa mje mniambie kama ni mke wa mwizi."

"Fungua," Bogna alimwambia Ludwika.

Skrubu ilikuwa chini ya lebo, kama ilivyo kwa katriji zote za Kometa. Ludwika aliwasha kikausha nywele, akakishika mbali kidogo, akakizungusha taratibu.

"Uzi," alisema bila kuinua macho.

Daktari Wyrwa alitoa mfukoni kichupa cha uzi wa meno, akakata kipande, akampa huku amegeuza uso ukutani kama ndugu wa mgonjwa. Ludwika alipitisha uzi chini ya pembe ya lebo, akauvuta huku na huku. Lebo ikaachia yote kwa pamoja, nzima, bila kupasuka hata uzi wake mmoja wa karatasi.

"Imetoka?" Daktari aliuliza ukutani.

"Imetoka."

"Mungu mkubwa." Akageuka, akaitazama, na furaha ikamtoka usoni. "Mbona imetoka upesi hivyo?"

Bogna aliinama. Chini ya lebo gundi ilikuwa nyeupe na laini. Alikuwa amewaona wakifungua katriji nyingine wiki hiyo, na gundi ya kiwandani huwa ya rangi ya chai, ngumu kama ukucha.

"Hii si gundi ya zamani," alisema.

"Huenda Zenek aliwahi kuifungua," alisema Ludwika, akichukua bisibisi. "Ilikuwa mali yake."

"Zenek?" Daktari alisema. "Zenek hakuwahi kuruhusu hata nzi atue juu yake!"

Skrubu ikazunguka. Ludwika aliiweka kwenye kisahani, akashika kifuniko kwa vidole viwili, kisha akasita.

"Daktari, hebu nenda ukatutilie chai. Mikono imekufa baridi."

"Sasa hivi? Wewe una wazimu. Fungua."

Ludwika akafungua.

Kwanza ilitoka harufu. Haikuwa kali, lakini Bogna aliitambua mara moja. Ilikuwa harufu ya kanisani siku ya mazishi. Utomvu wa msonobari ulioyeyushwa juu ya moto, ule ambao mafundi huupaka ili lehemu ishike. Bado mpya. Ulikuwa umekaa ndani ya ganda lililofungwa, ukisubiri mtu afungue.

"Ubani," alisema Makary. Alikuwa ameacha mlango.

Mle ndani mlikuwa na bodi ya kijani. Njia moja ya shaba ilikuwa imekatwa kwa kisu, mkato mwembamba, na waya mmoja wa njano ulikuwa umevuka juu yake kutoka mguu mmoja wa chipu hadi mwingine. Chipu yenyewe ilikuwa na kiraka cha karatasi ya fedha mgongoni. Bogna alikibandua kwa kibano. Chini yake kulikuwa na kidirisha cha kioo, duara, na ndani ya kidirisha kitu kidogo kikimeta kama jicho la samaki.

Alikumbuka somo. Ludwika ndiye aliyemweleza, Jumanne, kwenye meza hii hii. Chipu za kiwandani zimezibwa, haziandikwi tena. Chipu ya kidirisha unaiandika mwenyewe, na ukitaka kuifuta unaiweka chini ya taa maalumu. Hata jua la dirishani, likipata muda, huifuta. Ndiyo maana kidirisha huzibwa. Kwa hiyo wakitaka kutengeneza mchezo mpya hutafuta katriji ya bei rahisi, mchezo usiopendwa na mtu, wanaing'oa chipu yake, wanakata njia na kuunga waya, wanaweka ya kidirisha. Hiyo katriji ya bei rahisi wanaiita kondoo.

"Hii ni kondoo," Bogna alisema.

Daktari Wyrwa alikaa chini. Hakuangalia anakaa juu ya nini. Televisheni moja ililia chini yake. Midomo yake ilikuwa myeupe.

"Feki," alisema. "Jumamosi zote hizo... Bi Inspekta, tumekuwa tukiiangalia feki. Tumekaa hapa kama waumini..."

"Nakala," Ludwika alirekebisha kwa sauti ndogo. "Mchezo ni ule ule."

"Nakala! Mtu kafa kwa ajili ya nakala!"

Bogna alihisi sakafu imeinama kidogo. Kwa wiki nzima kesi yote ilikuwa imesimama juu ya kitu hiki: kimeibiwa, basi aliyekutwa nacho ndiye. Sasa chenyewe hakikuwepo. Alivuta pumzi, akafanya alichozoea kufanya kila kitu kinapoanguka, yaani kutazama kitu kinachofuata mezani.

Kilichofuata kilikuwa kifuniko. Alikigeuza. Kwa ndani, chini ya utepe wa karatasi uliobandikwa kwa unadhifu, ililala chipu nyingine. Ilikuwa ya kahawia, miguu yake yote imenyooka.

"Na hii ni nini?"

Wote wawili walijibu kwa pamoja, halafu Ludwika akanyamaza, Daktari akaendelea.

"Ni ya kondoo. Ukimng'oa kondoo chipu yake huitupi. Unailaza kwenye kifuniko, ndani ya nyumba yake, ili siku moja mtu akitaka aweze kuirudisha. Zenek ndiye aliyetufundisha. Cha mwenyewe hakitupwi, alisema. Hapa hujapewa pasi ya kulehemu mpaka uape."

"Hata mtu anayeghushi?" Makary aliuliza. "Mwizi anaacha alama ya kidole makusudi?"

"Huwezi kuitupa," alisema Daktari, kama mtu anayeulizwa kwa nini hatemi mate kanisani. "Mkono haukubali."

"Wewe ungeiacha humo?"

"Ningeiacha."

"Bi Ludwika?"

Ludwika alikuwa anakunja uzi wa meno kwenye kidole. "Ningeiacha," alisema.

"Ni ya mchezo gani?"

Daktari alichukua lenzi. Alipoinama, Bogna alimwona akibadilika. Mtu wa kulialia alitoweka, akabaki mtaalamu aliyekuwa amekusanya vitu hivi maisha yake yote.

"Hoki," alisema. "Lakini si hoki ya madukani. Ya madukani ilikuwa nyeusi. Hii ya kahawia ni ya mwanzo kabisa." Akaishusha lenzi polepole. "Bi Inspekta. Hii ni ya kreti ya Zenek."

"Kreti gani?"

"Sikukuu ya Mtakatifu Nikolai, Desemba. Alipata kreti ya hoki kutoka kwenye chumba cha chini cha duka lililobomolewa. Maji yalikuwa yameingia, nzima zilikuwa nne tu. Akatugawia mmoja mmoja zawadi. Mimi, yeye, Irek, na..."

"Na mimi," alisema Ludwika.

"Ziko wapi?"

"Rafuni. Tumeziandika majina."

Bogna alikwenda rafuni mwenyewe. Zilikuwa tatu, zimesimama kama vitabu, kila moja na kipande cha plasta chenye jina. Zenobiusz. Kordian. Ireneusz. Pembeni palikuwa na nafasi, na juu ya vumbi alama safi ya umbo la mstatili.

"Washeni mashine."

Ludwika aliwasha Kometa kwa mikono isiyotetemeka. Bogna alichunguza lebo ya kila katriji kwa lenzi kabla ya kuichomeka. Hakutaka mtu amsaidie. Lebo ya Karwat haikuwa imeguswa. Alipoichomeka, wachezaji wawili wenye umbo la matofali walitokea kwenye barafu ya buluu, na wimbo wa kijinga wa noti nne ukaanza. Akaitoa. Ya Daktari haikuwa imeguswa. Matofali yale yale, wimbo ule ule. Makary, bila kujua, alianza kutingisha mguu, akajikamata, akaacha.

Ya Ireneusz Pawlica alikaa nayo muda mrefu zaidi. Alipitisha ukucha pembe zote nne. Gundi ilikuwa ya rangi ya chai, ngumu. Akaichomeka.

Matofali. Barafu. Noti nne.

"Kondoo wake yuko hai," alisema Bogna.

"Na mikono yake ile," Daktari alisema taratibu, akiitazama bodi iliyo wazi mezani. "Mungu wangu, sikufikiria. Oneni hii kazi. Oneni waya ulivyokaa. Irek hata sukari ya chai anaimwaga. Mimi mwenyewe nikilehemu ni kama ninakaanga mayai, kila mtu hapa ananicheka. Hii ni..." Akamgeukia Ludwika, bado hajui anachosema. "Hii ni safi kama yako."

"Safi si jina la mtu," alisema Bogna. Hakutaka kuharakisha. Alikuwa amemwona mtu akifungwa kwa haraka ya wengine wiki hii, na yule mtu alikuwa hajala tangu juzi. "Bi Ludwika, yako iko wapi?"

"Nimeitumia."

"Kwa nini?"

"Kutengeneza mchezo wa drafti. Kwa ajili ya mpwa wangu. Kondoo ni wa kuchinjwa, Bi Inspekta, si wa kuwekwa rafuni."

Lilikuwa jibu zuri. Bogna alilipima, akaona halina tundu. Makary naye aliinua mabega. Kama wangekuwa wao wawili peke yao chumbani, pengine wangeandika na kuondoka.

"Tunaweza kuiona hiyo drafti?"

"Iko kwa mpwa. Gdynia."

"Tutampigia simu aifungue. Atakuta chipu ya hoki kwenye kifuniko, sivyo?"

"Hapana," alisema Ludwika. "Ile niliitupa."

Alisema kwa sauti ile ile ya kawaida, kama mtu anayesema ametupa maganda ya viazi. Kwa sikio la polisi hakukuwa na kitu ndani ya maneno hayo. Lakini Bogna alisikia televisheni ikilia. Daktari Kordian Wyrwa alikuwa amesimama. Alikuwa anamtazama Ludwika, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake mwenyewe akakuta ukuta.

"Umefanya nini?"

"Nimeitupa, Kordian."

"Wewe?" Alimsogelea. "Wewe uliyetafuta chipu ya tenisi kwenye pipa la taka, Januari, kwenye theluji, kwa sababu mimi niliipoteza? Uliyeninunia mwezi mzima? Wewe umetupa?"

Ludwika aliendelea kukunja uzi.

"Ludka," alisema Daktari, na sasa alikuwa ananong'ona. "Ludka, si wewe. Niambie si wewe."

Mashine ilikuwa bado imewashwa. Matofali mawili yaliendelea kusukumana kwenye barafu, wimbo ukirudi mwanzo kila unapoisha. Bogna alinyosha mkono akaizima. Alijikuta akimkumbuka mwanamke huyu Jumanne, akimwekea kiti, akimwambia usione haya, Bi Inspekta, sote tulianza hatujui. Alitamani sana jibu liwe jingine.

"Kondoo wa Daktari nimemwona mzima," Bogna alisema. "Wa Pawlica pia, na mikono yake haiwezi kazi hii. Karwat hakuwa na haja ya kumpa mtu afungue kitu alichokighushi mwenyewe. Ganda na lebo ya Mnara wa Chumvi havighushiki, kwa hiyo aliyefanya hivi alivihitaji vya kweli. Akatoa bodi ya kweli, akaweka ya hoki. Basi bodi ya kweli ilibaki bila nyumba, na nyumba ya hoki ikabaki tupu." Alimgeukia Ludwika. "Mtu asiyetupa chochote angefanya nini, Bi Ludwika?"

Ludwika alivuta mkoba wake kutoka chini ya meza. Makary alipiga hatua mbili, lakini Bogna alimzuia kwa jicho. Kutoka mkobani ilitoka leso ya maua, na ndani ya leso katriji ya hoki, plasta yenye jina lake bado juu yake.

Aliichomeka mwenyewe.

Barafu haikutokea. Kioo cha televisheni kilikuwa cheusi, halafu mstari mweupe ukachomoza chini, ukajenga juu yake mwingine, na mwingine, mpaka mnara ukasimama, wa chumvi tupu, ukimeta. Chini yake likasomeka: Z. Karwat, Łódź, 1987.

"Hii ndiyo," Daktari alisema, na machozi yakamtoka waziwazi. "Hii ndiyo yenyewe."

"Hiyo ni sehemu ya mbele," alisema Ludwika. Aliweka vidole vitatu juu ya kibodi, akabonyeza vitufe vyake pamoja, akavishikilia. Mnara ukapasuka katikati. Ndani yake kulikuwa na chumba kidogo, na ukutani mwa chumba: L. Szadek ameniandika.

"Yeye alikuwa mkuu wa karakana," Ludwika alisema. "Mimi nilikuwa msichana wa kulehemu. Usingeweza kupeleka mchezo wenye jina la msichana wa kulehemu. Nikasema haya, siku moja atasema mwenyewe. Nilimsubiri, Bi Inspekta. Mwaka Mpya akasimama hapo akatuambia anaiuza, na watamwandika kwenye jumba lao la makumbusho kule ng'ambo. Jina lake. Sikumwibia mchezo. Mchezo nilimwachia, ule ule, hakuna nukta iliyopungua. Nilichukua ile niliyoilehemu kwa mkono wangu."

"Akanusa."

"Akanusa. Nilikuwa na haraka, sikuusafisha utomvu. Akaniita usiku, akaniuliza. Nikamwonyesha hicho chumba." Alionyesha kioo. "Hakuwahi kukijua. Aliniambia nikifute. Alinikamata mkono pale juu ya ngazi, aupate mkoba. Nikauvuta."

"Ukamsukuma?"

"Nikauvuta mkono wangu," alirudia Ludwika. "Ngazi ilikuwa na barafu."

"Na kioo cha kabati?"

"Nilikivunja mimi. Kabati lilikuwa tupu tayari. Nilidhani watamtafuta mwizi wa mitaani. Sikujua amempa Irek."

"Lakini baadaye ulijua."

"Baadaye nilijua," alisema Ludwika, na hapo kwa mara ya kwanza alitazama chini.

Lililokuwa ajali na lisilokuwa ajali lingeamuliwa na wengine, kwa utaratibu, ngazi ikiwa imepimwa. Lakini moja lilikuwa wazi, nalo halikungoja Jumatatu. Alimwambia Makary abaki, akatoka koridoni na simu.

Mwendesha mashtaka alisikiliza. Mwanzoni alikatiza, kisha akaacha kukatiza, kisha akauliza kwa sauti nyembamba, "Ameitupa? Hilo ndilo lililomponza?"

"Hapana, Mheshimiwa. Hakuitupa."

Alipokata simu, Mama Otylia alikuwa amesimama, chupa imekumbatiwa kifuani.

"Niambie, binti."

"Wewe si mke wa mwizi, Mama. Mumeo anatoka leo."

Mama Otylia alikaa tena, ghafla. Hakulia. Alifungua taulo, akaigusa chupa, akasema, "Imepoa," na akaanza kuifunga upya, akikosea fundo, akifungua, akifunga.

Ndipo Bogna aliposikia Makary akipiga kelele. "Mikono juu ya meza! Weka chini! Nimesema weka chini!"

Alikimbia ndani. Daktari alikuwa amejibana ukutani. Makary alikuwa amemkamata Ludwika kwa kifundo cha mkono, uso umemwiva, na mkono mwingine wa Ludwika ulikuwa juu ya bodi ile bandia, ile yenye waya wa njano, ushahidi ulio wazi kuliko yote.

"Alikuwa anaiharibu, mkubwa! Nimegeuka kidogo tu!"

"Onyesha," alisema Bogna.

Ludwika alifungua vidole. Hakukuwa na kisu wala bisibisi. Bodi ilikuwa nzima. Kiraka cha karatasi ya fedha, ambacho Bogna alikibandua kwa kibano na kukisahau pembeni, kilikuwa kimerudishwa juu ya kidirisha, kimekandamizwa sawasawa, pembe zote nne.

"Jua limefika mezani," alisema Ludwika.

Ilikuwa kweli. Mawingu ya theluji yalikuwa yamefunguka, na kutoka kwenye dirisha kubwa la kiwanda mwanga mweupe wa Februari ulikuwa umetambaa juu ya mbao hadi ukingoni mwa bodi.

"Mkiibeba wazi namna ile, mkaiweka dirishani huko kwenu, hadi kesi ifike mtaikuta tupu."

"Ingekuwa tupu," Bogna alisema taratibu, "ningekuwa na kitu kimoja pungufu cha kukufunga."

Ludwika alimtazama kama mtu asiyeelewa swali.

"Ingefutika," alisema.